Mkono Usio na Madhara

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo mpaka leo nikilisikia redioni huizima redio. Neno lenyewe ni harmless. Halina kosa lolote, najua, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Ukilitafuta katika kamusi utaambiwa ni kitu kisichodhuru, kisicho na madhara, na kamusi itakuwa imesema kweli tupu. Mimi nililichukua vivyo hivyo, na ukweli wake wote, nikaenda kumharibia mama yangu mdogo riziki. Kisha katika kutengeneza nilichoharibu, nikaharibu kikubwa zaidi.

Nilisoma Kwale mpaka kidato cha nne, na katika mtihani wa mwisho nikapata alama ya Kiingereza iliyowapita wote darasani. Jamaa zangu hawakunisamehe. Tangu siku ile, kila barua ya serikali, kila karatasi ya hospitali, kila maelezo ya dawa ya ng'ombe yaliletwa kwangu niyasome, na nikisita hata kidogo naulizwa ile alama niliipata wapi. Alama hiyo hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Galu, ukishapita Diani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Ulikuwa ule mwaka uliofuatia mvua za El Nino. Nusu ya makuti ya hoteli yalikuwa yameoza na wageni walikuwa wachache, kwa hiyo meneja, mama mmoja wa Kizungu aliyependa mambo mapya kila Jumatatu, akaamua hoteli iwe na kibanda cha kukandia watu bustanini. Alitaka mkandaji wa kienyeji, mafuta ya kienyeji, kila kitu cha kienyeji. Nikasema mama yangu mdogo ni mkandaji. Nilisema bila kufikiri, kwa sababu mimi ni mtu wa kusema kwanza.

Mama mdogo alikuwa mkandaji wa Msambweni tangu kabla sijazaliwa. Mwanamke akishajifungua aliitwa yeye, akaja na chupa yake ya mafuta ya nazi aliyoyachemsha na mrehani na karafuu, akamkanda mzazi kila asubuhi mpaka siku arubaini zikaisha. Mumewe alikuwa amemwacha, naye akarudi kwa kaka yake, akapewa kulala katika chumba cha kuwekea nazi na mahindi. Chumba hicho hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia. Mke wa kaka yake alikuwa akiingia saa yoyote kuchukua nazi, na hakuwa akibisha hodi, kwa sababu pazia halibishwi hodi. "Wifi, maji yamekwisha." "Wifi, moto umezimika." Mwanamke wa miaka hamsini na mitano hata kuvua nguo alivua kwa kuvizia.

Hoteli iliahidi hivi: atajaribiwa mwezi mmoja. Wageni wakija, ataandikwa kazi na kupewa chumba katika nyumba za wafanyakazi, chumba chenye mlango wa mbao na komeo la ndani. Wasipokuja, atarudi Msambweni. Nilipomweleza, aliuliza swali moja tu.

"Komeo hilo ni la kwangu peke yangu?"

"La kwako peke yako, mama mdogo."

Akaenda kufunga kikapu chake.

Afisa wa wafanyakazi alikuwa mtu wa bara, kijana mwenye tai fupi na haraka nyingi. Aliniita ofisini akanipa karatasi tupu. "Madam, hebu niandikie kitu short tu ya huyu mathee wako. Ni nani, anafanya nini, mikono yake iko aje. Tutaweka card kwa kila room. Niletee kesho."

Nikaona kazi rahisi. Siku ile ilikuwa ya mapumziko yangu, nikapanda gari nikaenda Msambweni kuwauliza wanawake aliowakanda, ili niandike maneno yao. Wa kwanza alikuwa mama wa watoto saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa heri?"

"Kwa heri. Nataka uniambie habari za mama mdogo. Mkono wake ukoje?"

"Yule? Hana neno."

"Hana neno vipi?"

"Hana neno tu, mwanangu. Kanikanda mara saba, hajanidhuru."

Wa pili naye akasema hana neno. Wa tatu alinipa chai na mahamri, akanizungusha na habari za shamba na za shemeji yake wa Vanga, kisha akasema mkono wa yule haujapata kumdhuru mtu. Wa nne ndiye aliyenipandisha hasira kabisa. Huyu alikuwa amekaribia kufa uzazini, na kila mtu pale Msambweni anajua kwamba mama mdogo alikaa naye siku tisa bila kurudi nyumbani. Nilimbana. Nikaona macho yake yamejaa machozi, mdomo umefunguka, nikasema sasa nimepata. Akatazama mlangoni, akasema "Mashallah" kwa sauti ya chini, akaniuliza kama hotelini tunapewa chakula cha mchana.

Sikuwa mgeni, nilijua sababu. Kwetu mkono wa mkandaji hausifiwi. Mtoto mchanga husemwa ni mbaya, chakula kitamu husemwa kinalika, na mkandaji husemwa hana neno, kwa kuwa sifa huita jicho, na jicho likiuingia mkono, mkono unageuka. Nilijua yote hayo na bado nilikasirika, maana kesho yake nilitakiwa karatasi. Mama mdogo mwenyewe nilimkuta akiosha chupa zake. Nikamwambia nitaandika kwamba hakuna anayemfikia.

Aliuficha mkono wa kulia chini ya leso mara moja. "Astaghfirullah! Usiseme hivyo mbele yake."

"Mbele ya nani?"

Akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa akisema juu ya mkono.

Usiku nikafungua kamusi yangu, nikapekua mpaka nikafika kwenye harmless, nikaona nimeokoka. Neno hilo lilisema kile kile walichosema wanawake wanne wa Msambweni. Lilisifu bila kusifu. Mama mdogo angeridhika na wageni wangejua kwamba wako katika mikono salama. Niliandika kwamba mkandaji wetu anatoka Msambweni, kwamba ni mwanamke harmless, kwamba mkono wake ni harmless, na kwamba mafuta yake pia ni harmless. Mara tatu katika mistari mitano. Nilidhani kurudia ni kutilia mkazo. Afisa wa wafanyakazi akaisoma akiwa amesimama, akasema iko sawa, na kadi zikachapishwa Ukunda kwa karatasi ngumu ya rangi ya krimu.

Mama mdogo akaanza kazi. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda mbele ya kibanda, amevaa leso safi, chupa tatu zimepangwa pembeni, kitambaa kimekunjwa mara nne. Wageni walipita wakienda baharini, wakarudi kutoka baharini. Wengine walimpungia mkono. Wanawake wawili wa Kiingereza walisimama, wakaisoma kadi iliyobandikwa nguzoni, wakatazamana na kucheka, wakaondoka. Wiki ya kwanza hakuingia hata mtu mmoja. Wiki ya pili aliingia mgeni mmoja, kumbe alikuwa akitafuta choo.

Nilimlaumu kila mtu. Nililaumu kibanda kuwa mbali na njia, nikalaumu harufu ya karafuu, nikamlaumu mama mdogo kwa kuketi kama mtu aliyekuja kulalamika kwa chifu. "Watabasamie basi," nilimwambia. Akasema yeye hawajui watu wale, atawatabasamia kwa lipi?

Wiki ya tatu akafika mwanamke mzee wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, mmoja wa wale wageni wanaotembea na penseli na kusahihisha menyu. Alikuwa amekwisha kurekebisha tangazo la bwawa la kuogelea na onyo la nyani. Alikuja mapokezi ameshika ile kadi, akaiweka mezani mbele yangu, akauliza aliyeandika haya ana ugomvi gani na huyu mama.

Nikasema aliyeandika ni mimi na huyo ni mama yangu mdogo.

 Akavuta kiti na kunifundisha, pale pale, watu wanasubiri funguo zao. Akasema neno lile halina haja ya kutafutwa katika kamusi, linajulikana kwa mahali linapotumika. Nyoka aliyepita bafuni, ukiitwa kumtazama, utasema ni harmless. Mbwa anayebweka getini, mwenyewe atatoka na kukwambia usiogope, ni harmless. Na katika kila ukoo yuko mjomba mmoja anayeropoka kwenye sherehe, ambaye watu humtolea udhuru kwa neno hilo hilo. Huwezi kulisema, akaniambia, mpaka ubaya uwe umeshafikiriwa na mtu. Halafu akauliza: nani alikuwa amemshtaki?

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamkasirikia yeye, kwa kuwa alikuwa na haki. Nikakikasirikia Kiingereza, lugha ambayo unaweza kusema kweli ndani yake, neno kwa neno, na ukawa umemtukana mama yako. Hasira kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya alama yangu ya kidato cha nne. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba neno linaweza kuwa na maana iliyonyooka na matumizi yaliyopinda.

Nikakimbilia kwa afisa wa wafanyakazi. "Kadi tuibadilishe," nikasema.

"Madam, hiyo maneno tulimaliza. Card zishaprintiwa. Ngoja season ianze."

"Lakini inawafukuza wageni."

"Si ni wewe uliandika?"

 Nikaenda kibandani, nikamweleza mama mdogo yote, nyoka na mbwa na mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nina madhara?" akauliza.

"Huna, mama mdogo."

"Basi kadi imesema kweli."

"Imesema kweli, lakini watu wakiisoma wanaogopa."

"Wanaambiwa sina madhara, ndiyo wanaogopa? Hao ni watu wa namna gani?"

"Niruhusu niandike kwamba unajua kazi. Neno moja tu. Mzuri. Niandike mzuri."

Mkono ukaingia chini ya leso. "Mwalimu wangu alisifiwa arusini, mbele ya watu," akasema, "na waliomsifu walikuwa wakimpenda. Mzazi aliyemkanda baada ya pale alishikwa na homa. Hakukanda tena mpaka anakufa. Niache na neno langu."

"Lakini chumba utakikosa!"

"Nitakikosa."

Nilitamani kumtikisa. Siku zilikuwa zimebaki nne. Jioni moja nilipompelekea chai, nilimkuta katika chumba alichoazimwa na hoteli kwa mwezi ule wa majaribio, akifunga komeo na kulifungua, akifunga na kulifungua, hana anachokwenda kufanya nje wala ndani. Aliponiona aliacha, akaniuliza kama chai ina sukari.

Kwa hiyo nikafanya nilichofanya. Pale mapokezi tulikuwa na ubao mweusi wa kuandikia safari za siku, leo mashua ya kwenda Funzi, kesho matembezi ya msituni. Alhamisi asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, nilifuta nusu ya ubao, nikaandika kwa chaki nyeupe, kwa Kiingereza, herufi kubwa: mikono bora kuliko yote katika pwani ya kusini. Nikaandika miaka thelathini. Nikaandika kwamba wanawake wa Msambweni hawajui mwingine. Maneno yalinitoka kwa kasi mpaka chaki ikavunjika. Yote yalikuwa kweli, na yalikuwa yamenikaa kooni tangu kwa yule mama wa nne.

Mama mdogo hajui kusoma Kiingereza. Nilitegemea sana hilo.

Mwalimu wa penseli alikuwa wa kwanza. Alikaa kibandani saa nzima, akatoka uso umelegea, akaketi chini ya mwavuli bila kusahihisha kitu mpaka chakula cha mchana. Mchana wakaja mke na mume Wajerumani. Ijumaa wageni wakaanza kuandikishana zamu. Nilipita pale nikaona viatu sita nje ya kibanda, na mama mdogo anafuta jasho kwa upindo wa leso.

"Umeona?" akaniambia. "Neno lako lile lilikuwa linachelewa tu."

Nikasema ndiyo, mama mdogo. Nilitaka kulia na kucheka pamoja, nikaenda zangu.

Jumamosi mchana afisa wa wafanyakazi alikuja kibandani na ufunguo mkononi. Furaha ilikuwa imemzidi, meneja alikuwa amemsifu yeye kwa wazo ambalo halikuwa lake. Aliongea kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, na mimi nilikuwa hatua chache tu, nikimleta mgeni wa zamu.

"Mathee! Kumbe ndio wewe mikono best South Coast nzima! Hata kwa board imeandikwa! Miaka thirty! Chukua room yako."

Mama mdogo alikuwa amemimina mafuta kiganjani. Alisimama vile vile, mkono umekingwa.

"Imeandikwa wapi, mwanangu?"

"Hapo reception. Ni huyu msichana wako aliandika. Kila mtu anaisoma."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliyapangusa mafuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akanitazama, akasema, "Kalifute." Nikakimbia nikafuta ubao kwa kiganja, nikaufuta tena kwa kitambaa cha maji mpaka ukawa mweusi tii. Nilijua ni kazi bure, maneno yalikuwa yamo katika midomo ya watu wa hoteli nzima. Niliporudi alikuwa ameshaanza kumkanda yule mgeni, na ufunguo umefungwa katika pindo la leso. Nikajiambia yamekwisha.

Alikaa katika chumba chake, akafunga komeo lake kila jioni, akakanda Wazungu. Sikumsikia akilitaja jambo lile tena, nami nilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kosa na likamtokea kuwa jema. Nilisikia tu kwamba Msambweni walimtuma mtu mara mbili kumwita kwa mzazi, naye akajibu kwamba kazi ni nyingi. Kazi kweli zilikuwa nyingi. Sikuuliza.

Mwaka uliofuata nikaolewa, na mwaka haujaisha nikajifungua mtoto wa kwanza. Ulikuwa uzazi mgumu, tumbo lilibaki likiniuma upande mmoja, na katika maumivu yale nilikuwa nikijiliwaza kwa jambo moja: mama mdogo anakuja. Nilikuwa nimengoja mkono ule tangu nilipokuwa msichana mdogo, nikimtazama akiwakanda wengine.

Alikuja asubuhi ya tatu, na kikapu, na chupa yake ya mafuta. Nyuma yake alikuwa mwanamke nisiyemjua.

"Huyu ametoka kijiji cha Shirazi," akasema. "Atakukanda yeye."

"Kwa nini yeye? Mama mdogo, nataka wewe!"

"Mimi nitakupikia, nitamwosha mtoto, nitalala hapa mpaka arubaini."

"Sitaki kupikiwa! Nataka unikande!" Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Nilikuwa nimechoka na ninaumwa na nilikuwa nimeshaelewa, na kuelewa ndiko kulikonipa hasira. "Mbona Wazungu unawakanda?"

"Wazungu wana miili mizima. Ninawakanda, wanaenda kuoga baharini, imekwisha." Alinifunika miguu kwa shuka, polepole, kwa mkono wa kushoto. "Wewe una tumbo bichi, mwanangu. Mkono huu una madhara sasa. Sikuguzi nao."

Nikamwambia si kweli. Nikamwambia ni mkono ule ule, nikamwomba radhi, nikamtukania Kiingereza na ubao na alama yangu. Akasema hana kinyongo, chumba anakipenda, Mungu anilipe kwa chumba. Kisha akatandika mkeka mlangoni, akaketi.

Yule mwanamke wa Shirazi alikuwa mtu mwema. Lakini mkono wake ulikuwa mzito, na haukujua maumivu yangu yalipo. Ulipapasa huku na huku kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, nami nikauma meno. Mama mdogo alikuwa mlangoni, mikono yote miwili chini ya leso, macho kwenye tumbo langu.

"Si hapo," alimwambia mwenzake. "Shuka kidogo. Kushoto. Hapo. Sasa ngoja apumue."